Kutoka Sandarusi hata Bakelaiti

Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za vitu viwili ambavyo mtu akivitazama kwa macho hawezi kudhani kwamba vina ujamaa wowote. Cha kwanza ni sandarusi, ule utomvu mgumu wa rangi ya asali ambao wazee wetu waliuchimba katika nchi ya Wazaramo, nyuma ya mji wa Dar es Salaam. Cha pili ni bakelaiti, plastiki ngumu, nyeusi au ya rangi ya kahawia, iliyotumika kufanyizia swichi za taa, simu, vishikio vya vikaango na masanduku ya redio. Kimoja chatoka mtini, na kingine chatoka katika chupa ya mwanakemia. Walakini hiki cha pili kilikuwa miongoni mwa vile vilivyokiondoa kile cha kwanza sokoni, na pamoja nacho likaondoka pato la watu wengi wa pwani yetu.

Sababu ya kuchagua habari hizi ni hii. Katika chuo chetu cha ualimu kijana mmoja, mwenyeji wa Mbagala katika Temeke, alileta darasani kipande kidogo kama yai la njiwa, alichopewa na bibi yake. Tulikipitisha mkono kwa mkono, tukawauliza wanafunzi ni kitu gani. Mmoja akasema ni kioo, mwingine akasema ni ubani. Lakini walio wengi wakasema kwamba ni plastiki iliyopatwa na moto jalalani. Tulicheka. Halafu, tulipokwisha kucheka, tukaona kwamba hawakukosa sana kama tulivyodhani; ndipo tulipoanza kuzisoma habari hizi sisi wenyewe, maana mwalimu aliyecheka jibu asilolijua vizuri ana deni la kulipa.

Msandarusi ni mti mkubwa wa misitu ya pwani, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Waota katika pwani ya Kenya, ya Tanzania na ya Msumbiji, na katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Gome lake likijeruhiwa na mdudu, au tawi likivunjwa na upepo, mti hutoa utomvu wa kuziba kidonda, kama vile damu yetu inavyoganda. Utomvu huo ukitoka huwa laini na hunata, na sisimizi akitua juu yake hana njia ya kuondoka. Kisha hudondoka chini, hufunikwa na majani na mchanga, na miaka hupita. Mti wenyewe huanguka ukaoza, lakini utomvu hauozi. Ndiyo sababu sandarusi iliyo bora ilichimbwa mara nyingi mahali pasipo na msandarusi hata mmoja, jambo lililowashangaza sana wageni. Alikuwa John Kirk, tabibu na baadaye balozi wa Uingereza katika Unguja, aliyewaeleza wataalamu wa London, mwishoni mwa miaka ya 1860, kwamba ile ya ardhini na ile ya mtini ni za mti wa namna moja. Naye aliyajua hayo kwa kuyatazama majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vyenyewe.

Wafanya biashara waliitenga kwa daraja. Ile iliyobanduliwa mtini, au kuokotwa chini ya mti, iliitwa chakazi, nayo thamani yake ilikuwa ndogo. Waingereza walipojaribu kulitamka neno hilo walilipindua kwa ulimi wao, hata likawa neno lao lenye maana ya punda dume, na katika vitabu vyao vya biashara sandarusi changa yaitwa sandarusi ya punda. Ile ya ardhini ndiyo iliyokomaa. Ikioshwa, uso wake huonekana una vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Sasa, kwa nini kilicho laini kiligeuka kuwa kigumu? Katika utomvu mbichi zimo molekuli, yaani chembe ndogo mno za asidi, ambazo kila moja yakaa peke yake na kuteleza juu ya mwenzake. Kwa hiyo utomvu hutiririka. Siku zinavyokwenda molekuli hizo hushikana mikono, hii na hii, na nyingine tena, hata zikawa mnyororo mrefu usioweza kutiririka. Mnyororo wa namna hiyo huitwa polima. Ule wa sandarusi yetu umejengwa hasa kwa asidi iitwayo ya ozi, na pamoja nayo imo asidi nyingine ambayo wanakemia wameipa jina la Zanzibari. Basi plastiki nayo ni nini? Ni polima vile vile. Tofauti ni kwamba kazi iliyofanywa na mti na udongo kwa miaka mingi, kiwandani hufanywa kwa muda mfupi. Kwa hiyo wanafunzi wetu waliosema ni plastiki tuliwapa nusu ya alama.

Twasema miaka mingi, lakini tusizidishe. Zamani watu walidhani kwamba sandarusi ya ardhini ni ya kale mno, sawa na kaharabu ya Ulaya ambayo umri wake ni mamilioni ya miaka. Vipimo vya kaboni vya siku hizi vimeonyesha kwamba vipande vingi vya Afrika Mashariki ni vya miaka mia chache tu, au elfu chache. Wako wauzaji duniani ambao hata leo huiuza kopali changa kwa jina la kaharabu. Mnunuzi na ajihadhari.

Matumizi yake katika nchi yetu ni ya kale. Huko Unguja Ukuu wataalamu wa mambo ya kale walipata chetezo chenye mabaki ya utomvu uliofukizwa katika karne ya 7 au ya 8. Ulipopimwa, na habari zake kutangazwa mwaka 2015, ulionekana kuwa ni sandarusi. Lakini ilipata kuwa mali kubwa katika karne ya 19, kwa ajili ya vanishi. Merikebu za Waamerika kutoka Salem, mji mdogo wa bandari katika Massachusetts, zilianza kuja Unguja katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaketi Unguja kuwa balozi wao wa kwanza. Walileta kitambaa cha pamba ambacho jina lake, marikani, latukumbusha kilikotoka; wakaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple, ambamo sandarusi ya pwani yetu ilioshwa kwa maji ya magadi ili ule udongo mwekundu uliogandamana nayo utoke.

Mtu aweza kuuliza, Je, ilikuwa mali ya thamani kweli? Shahidi wetu ni mkataba. Mwaka 1839 Sayyid Said alipopatana na Waingereza juu ya biashara, aliwaruhusu kununua na kuuza katika nchi zake. Lakini katika sehemu ya Mrima, tangu Tangata upande wa kaskazini hata Kilwa upande wa kusini, vitu viwili havikuruhusiwa: pembe za ndovu na sandarusi. Hivyo alijiwekea yeye na watu wake. Mtawala haweki uzio kuzunguka kitu kisicho na faida.

Na nchi hiyo iliyozungushiwa uzio ndiyo nchi ambayo leo imejaa nyumba zetu. Mahali panapoitwa sasa Temeke, Mbagala, Chang'ombe na Kinondoni palikuwa mashamba, vichaka na msitu, nyuma ya bandari ndogo ndogo za pwani kama Mbwamaji upande wa Kigamboni. Sultani Majid hakuanza kujenga Dar es Salaam yake ila katika miaka ya 1860. Kabla ya hapo watu wa bara ya karibu walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba chini ya ardhi yao mna kitu ambacho wageni wanakitaka, na kwamba chaweza kubadilishwa kwa nguo, shanga na baruti katika mji wa pwani, bila kungojea msafara wowote wa Unyamwezi.

Bwana Richard Burton, Mwingereza aliyepita Uzaramo mwaka 1857, ameeleza jinsi walivyochimba. Mchimbaji alitoboa ardhi kwa mti uliochongwa ncha, akafanya kishimo chembamba, kisha akautoa udongo kwa mkono mpaka mkono usipofika tena. Hapo akaacha, akaenda kutoboa kwingine. Bwana Burton aliwalaumu kwa uvivu, akasema kwamba wangechimba kwa akili wangepata maradufu. Sisi twaona kwamba alikosa. Watu wale walikuwa wakulima. Shamba ndilo lililowalisha, na sandarusi ilikuwa kazi ya siku za nafasi. Tena, bei haikuwa mkononi mwao. Sandarusi ilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16, na mpimaji ndiye aliyekuwa na mizani. Mchimbaji hakujua vanishi ni kitu gani, wala hakuwahi kuliona gari la farasi lililopakwa vanishi hiyo mjini London. Mtu atachimba shimo la kwenda chini mara mbili kwa faida ya nani?

Hiyo vanishi ilifanyizwa hivi. Sandarusi iliyokomaa haikubali kuyeyuka katika mafuta ya kawaida, kwa kuwa minyororo yake imeshikana sana. Fundi aliitia katika chungu cha shaba, akaichoma kwa moto mkali wa digrii 300 na zaidi, hata sehemu ya minyororo ikakatika na kutoka kwa moshi mzito. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, na nyumba za mafundi ziliungua mara nyingi. Kisha alitia mafuta ya kitani yaliyo moto, na mwisho akaizimua kwa tapentaini. Iliyopatikana ilikuwa vanishi ngumu yenye kung'aa, isiyokwaruzika upesi, na kati ya kopali zote za dunia ile ya Unguja ilihesabiwa kuwa ngumu kuliko zote. (Kopali ni neno la Kimeksiko, ambalo Wazungu walilitumia kwa utomvu wa namna hii popote walipoukuta.) Magari ya farasi na mabehewa ya reli ya Ulaya na Marekani yalipakwa nayo.

Kuanguka kwake hakukuwa kwa sababu moja, na twawaonya wanafunzi wetu wasipende hadithi yenye sababu moja. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mpira wa porini ulianza kuleta faida zaidi, na mikono iliyochimba ikageukia huko. Wajerumani walipoufanya Dar es Salaam kuwa makao makuu yao mwaka 1891 walileta kodi, na baadaye sheria za misitu, ambazo ziliwafungia watu misitu waliyozoea kuingia kama nyumbani kwao. Vita vya Maji Maji, tangu mwaka 1905 hata 1907, na njaa iliyofuata, vikaharibu nchi ya kusini. Katika soko la dunia palikuwa na kopali nyingi za bei ndogo kutoka Kongo. Na tena, katika miaka hiyo hiyo ya huzuni kwetu, mtu mmoja katika maabara yake huko Yonkers, karibu na New York, alikuwa akipika kitu katika chombo cha chuma.

Leo Baekeland alizaliwa Ghent, nchi ya Ubelgiji, mwaka 1863, mwana wa fundi viatu. Alihamia Marekani mwaka 1889, akatajirika kwa karatasi ya kupigia picha. Alipotafuta kazi mpya aliona kwamba umeme waenea kila mahali, na kwamba nyaya na mitambo yake yataka kitu cha kuzuia umeme usivuje. Kitu hicho wakati ule kilikuwa shelaki, utomvu utolewao na wadudu wadogo wa India, nao wadudu hawawezi kuharakishwa. Basi Bwana Baekeland alishika vitu viwili: fenoli, ambayo ilitoka katika lami ya makaa ya mawe na ambayo ndiyo karboliki ya sabuni, na fomaldehaidi, ambayo katika maji huitwa fomalini. Wanakemia wengine walikuwa wamekwisha kuvichanganya, tangu Adolf von Baeyer mwaka 1872, wakapata gundi mbaya iliyogandamana na vyombo vyao, wakaitupa. Yeye aliona kwamba ubaya huo ndio uzuri wenyewe, ikiwa kitu hicho kitazuiwa kutokota ovyo. Akakipika kwa moto na kwa shinikizo kubwa pamoja. Mwaka 1907 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1909 akautangaza mbele ya wanakemia wenzake. Kitu hicho alikiita kwa jina lake mwenyewe.

Tabia ya bakelaiti hufahamika upesi kwa mtu ajuaye jiko. Nta ukiitia motoni huyeyuka, ukiiweka kando huganda, na waweza kuifanya hivyo mara mia. Yai si hivyo. Likichemshwa mara moja limekwisha kuwa gumu, na moto wa pili haulirudishi kuwa ute. Bakelaiti ni ya ukoo wa yai. Kwanza huwa kama asali, kisha hukauka na kusagwa ikawa unga, na unga huo huchanganywa na unga wa mbao ili usivunjike kwa urahisi. Hutiwa katika kalibu yenye moto, hushindiliwa, na ndani ya kalibu molekuli zake hushikana, si kwa mnyororo tu, bali kwa wavu wenye fundo kila upande. Baada ya hapo haiyeyuki tena. Haipitishi umeme, haiogopi maji wala mafuta, yavumilia joto la pasi na la jiko. Aibu zake ni mbili: ikianguka juu ya saruji hupasuka, na rangi yake haikubali kuwa nyeupe, kwa kuwa fenoli huigeuza kuwa nyeusi kadiri siku zinavyokwenda. Wenye soketi ya zamani na waisugue kwa kidole gumba mpaka ipate moto, kisha wanuse. Harufu ya karboliki itawaambia ni nini.

Bakelaiti yenyewe haikuwa vanishi ya magari, lakini ndugu zake walikuwa. Wajerumani walijifunza kuipika fenoli na fomaldehaidi pamoja na utomvu wa msonobari, ili mchanganyiko ukubali kuyeyuka katika mafuta, na bila haya wakaiita kopali ya kutengenezwa. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ilianza kuyapaka magari ya Oakland rangi mpya iitwayo Duco, iliyofanyizwa kwa pamba na asidi, ambayo hukauka kwa saa chache. Vanishi ya zamani ilitaka majuma. Toka hapo mnunuzi wa sandarusi hakuwa na haja ya kuja Mrima.

Redio pia ilinufaika. Mwaka 1934 kampuni ya Ekco ya Uingereza ilitoa redio ya duara iliyofinyangwa kwa bakelaiti, iliyobuniwa na Wells Coates, na watu wakaona kwamba sanduku la redio si lazima liwe kabati la seremala. Twaongeza kichekesho kidogo: redio ya bei nafuu iliyokusudiwa hasa kwa Waafrika, iliyotolewa mwaka 1949 kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini, haikuwa ya bakelaiti wala ya mbao. Ilitiwa katika sufuria. Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951.

Siku hizi mtu wa Kinondoni hulitaja jina la bakelaiti mara chache, lakini hapitishi siku bila kuitumia. Daladala lishukapo mteremko likasimama, katika breki zake mna vumbi na nyuzi zilizoshikwa pamoja na gundi ya ukoo huo. Mbao za plaiwudi zisizoogopa maji zimeunganishwa nayo. Kishikio cheusi cha kikaango, na kifungo cha mfuniko wa birika, aghalabu ni yeye. (Sufuria zetu za kawaida hazina kishikio, sisi twatumia kitambaa na ujasiri.)

Lakini soketi ndizo zinazotutia mashaka. Mwenzetu mmoja akaaye Kinondoni alinunua soketi nyeupe yenye kung'aa kwa bei ndogo, barabarani. Akaifunga, akachomeka pasi ya umeme, akawa anapiga pasi nguo za shule za watoto. Kabla hajamaliza shati la tatu, uso wa soketi ulilegea kama mshumaa, nyaya mbili zikagusana, na pazia likashika moto. Alishukuru Mungu kwa kuwa ndoo ya maji ilikuwa mlangoni. Alituletea mabaki yake chuoni. Tulikitia kipande chake juu ya bati la moto, kikayeyuka na kutandaa; kipande cha swichi kuukuu kilichowekwa ubavuni mwake kilitoa harufu tu, kikabaki kama kilivyo. Ile ya kwanza ilikuwa ya ukoo wa nta, iliyovikwa nguo za ukoo wa yai. Zipo plastiki nyeupe zilizo salama kabisa kwa kazi hii, lakini macho hayawezi kuzitenga na zile zisizofaa. Kwa hiyo asiyejua na anunue kitu chenye alama ya wapimaji wa viwango, ampe fundi mwenye kibali akifunge.

Ukoo wa nta nao una faida yake. Chupa za maji na mabomba ya plastiki huweza kusagwa, kuyeyushwa na kufinyangwa upya, jambo lisilowezekana kwa bakelaiti. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zimebaki. Kila asubuhi katika mitaa ya Temeke twawaona waokotaji, vijana kwa kina mama, wakiinama mitaroni na majalalani, gunia mgongoni. Hukusanya, hupeleka kwa mnunuzi mwenye mizani, hupimiwa kwa kilo, na chupa huenda kuoshwa na kusagwa mahali pengine. Bei huipanga mwenye mizani. Tunapowatazama hatuwezi kumsahau yule Mzaramo na mti wake uliochongwa ncha, na wala hatuwezi kukubali mtu akituambia kwamba hawa nao ni wavivu.

Kipande cha sandarusi kimerudi Mbagala kwa mwenyewe. Kabla hakijarudi tulikisugua kwa kitambaa cha sufu, tukakikaribisha kwenye vipande vidogo vya karatasi, vikaruka vikakishika. Kisha kijana mmoja akaisugua kalamu yake ya plastiki vivyo hivyo, nayo ikazivuta karatasi zile zile. Wanafunzi waliyaandika yote mawili katika daftari zao, katika ukurasa mmoja.